Medali mbili za Jaji Cross: je, marehemu baba alisema kweli?

*"Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba yangu alikuwa karani Mahakama Kuu, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960. Alikuwa akitusimulia habari za jaji mmoja mweusi kutoka Trinidad, Jaji Cross, kwamba wakati wa vita vya Hitler alikuwa rubani wa Waingereza, akaenda kupiga mabomu Berlin mara nyingi, na kwamba herufi DSO na DFC nyuma ya jina lake zilitokana na medali kubwa za vita. Kaka yangu anasema hiyo ni chumvi ya baba, maana Mwingereza wa enzi zile asingempa mtu mweusi ndege wala cheo cha uofisa. Na mimi kuna jambo linanitatiza: kama alipigana kiasi hicho, mbona medali mbili tu, wakati wazee wetu wa KAR, lile jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, waliorudi kutoka Burma wana nne, hata tano? Isitoshe, mtandaoni nimeona mtu anauza seti ya medali sita za askari wa anga wa Uingereza, DFC ikiwemo, na anaapa kwamba zote ni za mtu mmoja. Natamani kuinunua niiweke kando ya picha ya baba. Nishauri."*

Marahaba. Nianze na lile ambalo naona limekukaa moyoni kuliko mengine: baba yako hakutia chumvi. Jaji huyo alikuwepo. Ni Philip Louis Ulric Cross, aliyezaliwa Port of Spain, Trinidad, tarehe 1 Mei 1917, na aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania hadi mwaka 1971. Herufi DSO na DFC zilikuwa zake kwa haki, na Berlin aliifikia mara nyingi. Kuna sehemu moja tu ya simulizi ya baba inayohitaji kunyooshwa: Cross hakuwa rubani. Alikuwa nevigeta, yaani mtu anayepiga hesabu za njia na kumwambia rubani aelekee wapi, kwa muda gani, na wakati gani mabomu yaachiwe. Usidhani hilo linampunguzia kitu. Ukinifuata kidogo utaona kwamba medali zake hazieleweki kabisa bila kuijua kazi hiyo.

Kwanza tumtendee haki kaka yako, maana shaka yake haikutoka hewani. Kabla ya vita, kanuni za majeshi ya Uingereza zilitaka mtu anayepewa kamisheni ya uofisa awe wa asili ya Kizungu tupu. Iliandikwa hivyo, bila kificho. Lakini mnamo Oktoba 1939, wiki chache baada ya vita kuanza, serikali ya Uingereza ililiondoa sharti hilo kwa muda wote wa vita. Upendo haukuwa sababu. Walihitaji watu, na jeshi la anga, yaani RAF, lilihitaji watu kuliko wenzake, kwa sababu mafunzo yake ni marefu na vifo vyake vilikuwa vingi. Vijana wa Karibi wakaitikia kwa maelfu. Wengi wao walifanya kazi za ardhini, kama ufundi na ulinzi, na takriban 400 wakaingia kwenye ndege zenyewe kama marubani, manevigeta, washika redio na wapiga bunduki. Kutoka Afrika Magharibi pia walikwenda, ingawa wachache zaidi. Kwa hiyo kaka yako yuko sahihi kwa mwaka 1938, ila amekosea kwa mwaka 1941, na 1941 ndio mwaka ambao Cross alijiunga.

Alikuwa na umri wa miaka 24, msomi wa sekondari aliyekwisha kufanya kazi gazetini na katika shirika la reli la kwao. Baadaye maishani alieleza kwamba aliona dunia inazama katika ufashisti, akaamua asikae kutazama. Alivuka Atlantiki, akafunzwa Uingereza, akapewa kamisheni, na hatimaye akapelekwa Skwadroni Namba 139. Hapa historia ina mzunguko wa kupendeza, kwa sababu skwadroni hiyo iliitwa "Jamaica". Mwaka 1940 watu wa Jamaica walichanga fedha kupitia gazeti lao la Gleaner ili Uingereza inunue ndege za kudondosha mabomu, na kama shukrani skwadroni ikapewa jina la kisiwa chao. Cross hakupelekwa pale kwa sababu ya jina hilo, lakini mtoto wa Karibi akajikuta anapigana chini ya jina la Karibi.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Watu wengi hufikiri vita vya anga ni ushujaa wa rubani na bunduki, nevigeta akiwa abiria mwenye ramani. Ukweli ni kwamba mwanzoni mwa vita, tatizo kubwa la Waingereza lilikuwa kujua wako wapi. Walikwenda usiku ili wasitunguliwe, na usiku wa vita Ulaya ilikuwa giza tupu, taa zote zimezimwa kwa amri. Agosti 1941 serikali ilipata ripoti iliyotokana na kuchunguza picha zilizopigwa na ndege hizo hizo wakati wa mashambulio. Ilionyesha kwamba katika ndege zilizodai kulipiga lengo, ni moja tu katika kila tatu iliyofika ndani ya kilomita 8 za lengo hilo. Katika bonde la Ruhr, penye viwanda na moshi, ilikuwa moja katika kila kumi. Vijana walikuwa wanakufa ili kuyamwaga mabomu mashambani.

Kwa nini ilikuwa vigumu hivyo? Chukua nahodha wa jahazi anayetoka Bagamoyo kwenda Unguja usiku bila nyota. Anajua mwendo wa chombo chake na anajua uelekeo, lakini mkondo wa bahari unamsukuma pembeni naye hauoni. Angani mkondo huo ni upepo. Ndege ya Cross ilikwenda kama kilomita 500 kwa saa, juu sana, ambako upepo wa kilomita 100 kwa saa si jambo la ajabu. Ukikosea kuukadiria kwa robo saa tu, umesukumwa kilomita 25 nje ya njia, na hakuna chochote nje ya dirisha kinachokuambia. Nevigeta alikuwa na penseli, ramani, saa, dira, na mitambo ya redio iliyomsaidia akiwa karibu na Uingereza lakini ambayo Wajerumani waliivuruga mara tu alipoingia ndani ya anga lao. Hesabu hizo alizifanya katika baridi kali, amevaa barakoa ya oksijeni, mizinga ikilipuka na taa za kumulika angani zikimtia kiwi.

Kwa ajili ya tatizo hilo, mnamo Agosti 1942 kiliundwa kikosi maalumu kilichoitwa Pathfinder, yaani watafuta njia, kikakusanya watu wenye uwezo mkubwa wa kuongoza ndege. Wao walitangulia, wakaliona lengo, wakaangusha mianga ya rangi ili mamia ya ndege za nyuma ziijue sehemu ya kupiga. Skwadroni 139 iliingia katika kundi hilo mwaka 1943. Ndege yao ilikuwa Mosquito, na nakuomba uisome sentensi ifuatayo taratibu: ilijengwa kwa mbao, ikabeba watu wawili tu, na ile ya kudondosha mabomu haikuwa na bunduki hata moja. Kinga yake ilikuwa mwendo na urefu wa kwenda juu. Mle ndani, rubani na nevigeta walikaa karibu bega kwa bega. Nevigeta akikosea, hakuna wa tatu wa kumsahihisha, na akiwa yeye ndiye anayewawekea wengine alama, kosa lake linakuwa kosa la kundi zima.

Cross alifanya safari 80 za namna hiyo. Ili uione namba hiyo ilivyo, fahamu kwamba kipindi cha kwanza cha kawaida katika ndege kubwa za mabomu kilikuwa safari 30, kisha mtu anapumzishwa, na wengi hawakuzifikisha. Kamandi ya ndege za mabomu za RAF ilipoteza watu 55,573 waliofariki, kati ya takriban 125,000 walioruka. Ndege za Mosquito zilipoteza wachache zaidi kwa uwiano, lazima niseme hivyo ili nisikupotoshe, lakini safari 80 bado ni kurudi kwenye hatari ile ile mara 80 kwa hiari. Mwenyewe alisimulia jinsi injini moja ilivyopigwa, ndege ikaporomoka kutoka juu kabisa, nao wakajikokota hadi Uingereza kwa injini iliyobaki na kutua kwa kishindo katika machimbo ya zamani kule Swanton Morley. Walitoka wazima. Wakaendelea na kazi.

Sasa tuje kwenye medali, na swali lako la "mbona mbili tu". Umechanganya mifuko miwili, na karibu kila mtu huichanganya.

Mfuko wa kwanza ni wa nishani za heshima, zinazotolewa kwa mtu mmoja mmoja kwa alichokifanya. Mkubwa wake anamwandikia pendekezo, pendekezo linapanda ngazi, wakubwa wanaliidhinisha, na jina linatangazwa katika gazeti la serikali liitwalo London Gazette. Nishani za namna hii ndizo zinazompa mtu haki ya kuweka herufi nyuma ya jina. Mfuko wa pili ni wa medali za kampeni. Hizi hupewa kila aliyetumikia mahali fulani kwa muda fulani, awe shujaa au mpishi wa kambi, na hazina herufi. Baba yako aliona herufi mbili, akasema medali mbili. Ukweli ni kwamba mtu mwenye utumishi kama wa Cross, kwa kanuni zilivyo, anastahili pia medali za kampeni nne hivi juu ya zile mbili.

DFC iliundwa Juni 1918 kwa ajili ya maofisa na maofisa wateule (warrant officers), kwa ushujaa au moyo wa kujitoa wakati wa kuruka dhidi ya adui. Ni msalaba wa fedha, na utepe wake una mistari ya zambarau na nyeupe iliyolala mshazari. Katika vita ile zilitolewa zaidi ya 20,000. Askari wa vyeo vya chini, akiwemo sajini aliyekaa katika ndege hiyo hiyo na kufanya jambo hilo hilo, hakuweza kuipata. Yeye alipewa medali nyingine, DFM, ambazo zilitolewa kama 6,600 tu. Kwangu mimi ubaguzi huo wa vyeo ni doa, na Waingereza wenyewe waliuondoa mwaka 1993. Cross alipata DFC yake mwaka 1944.

DSO ni ya zamani zaidi, tangu 1886, na ni ya ngazi ya juu zaidi. Ni msalaba wenye rangi nyeupe ya enameli na dhahabu, utepe mwekundu wenye kingo za buluu. Kwa desturi ilikwenda kwa maofisa wenye madaraka, kuanzia cheo sawa na meja, kwa uongozi uliotukuka mbele ya adui. Kwa majeshi yote matatu, katika vita nzima, zilitolewa chini ya 5,000. Cross, aliyefikia cheo cha Squadron Leader, ambacho ni sawa na meja wa nchi kavu, alitunukiwa vita vikielekea ukingoni, na kilichosifiwa ni uwezo wake usio wa kawaida wa kuongoza ndege. Ndiyo maana nilikuomba usidharau neno nevigeta. Hakupewa kwa tukio moja la kishujaa usiku mmoja. Alipewa kwa sababu usiku baada ya usiku hesabu zake zilikuwa sahihi na wengine walizitegemea. Mara nyingi hutajwa kuwa miongoni mwa Wakaribi waliotunukiwa zaidi katika vita hiyo.

Wazee wetu wa KAR sasa. Askari aliyepigana Abisinia mwaka 1941 kisha akapelekwa Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki anaweza kuwa na Nyota ya 1939–45, Nyota ya Afrika, Nyota ya Burma, Medali ya Ulinzi na Medali ya Vita. Hizo ni tano, zote za kampeni. Zinaeleza alikokwenda na alichovumilia. Hazisemi alikuwa shujaa kuliko Cross, wala hazisemi alikuwa na ushujaa mdogo, kwa sababu askari wengi wa Kiafrika walifanya mambo makubwa bila ofisa yeyote kuketi na kuwaandikia pendekezo. Medali za heshima zinategemea kalamu ya mkubwa wako. Usiku ambao mkubwa hakuuona, au aliuona akanyamaza, haumo kwenye Gazette. Ukiwalinganisha watu wawili kwa vifua vyao, likumbuke hilo.

Najua swali linalofuata, kwa sababu familia nyingi hufika hapo: je, ni halali kujivunia nishani ya mkoloni, tena iliyotokana na kupiga mabomu miji? Sitakuficha. Mabomu ya Waingereza na Wamarekani yaliua raia wa Ujerumani kwa mamia ya maelfu, wanawake na watoto wakiwemo, na mjadala kuhusu uhalali wake haujaisha hata leo. Upande wa pili ulikuwa utawala uliokuwa unaua watu wa Ulaya kwa makundi na uliotuhesabu sisi weusi kuwa chini ya binadamu. Cross alichagua, akijua anatumikia dola iliyolitawala taifa lake. Na ukitazama alichofanya baada ya vita, hutaona mtumwa wa Mwingereza. Vita vilipoisha aliwekwa kuwa kiungo kati ya serikali na wanajeshi kutoka makoloni, akishughulikia malalamiko yao, yakiwemo ya ubaguzi. Akasoma sheria London, akaidhinishwa kuwa wakili mwaka 1949, akafanya kazi BBC, kisha akaja Afrika: Ghana ya Nkrumah, Kameruni alikokuwa Mwanasheria Mkuu wa upande wa magharibi, halafu Tanzania ya Mwalimu, ambako baba yako alimkuta. Nchi changa zilizokuwa zinaondokewa na majaji wa kikoloni zilihitaji watu kama yeye, na yeye alikuja. Baadaye alikuwa jaji kwao Trinidad na balozi wao London. Mwaka 2011 kituo cha jeshi la anga la Trinidad na Tobago, Piarco, kilipewa jina lake. Alifariki Oktoba 2013 akiwa na miaka 96.

Turudi kwenye ile seti ya mtandaoni. Hapa naomba uwe mgumu.

Medali za kampeni za Uingereza za vita vya pili zilitolewa bila jina la mtu. India, Afrika Kusini na Australia ziliwachorea watu wao majina, Uingereza haikufanya hivyo. DFC nayo ilitolewa na mwaka tu umechorwa nyuma, kwenye mkono wa chini wa msalaba. DSO huchorwa mwaka nyuma ya kipande kinachouunganisha msalaba na utepe. Jina ukilikuta kwenye DFC, mara nyingi mwenyewe au familia ililipia fundi alichore, na fundi wa leo anaweza kulichora vilevile. Maana yake ni kwamba chuma peke yake hakithibitishi kitu. Mtu anaweza kununua medali sita kutoka sehemu sita, akazipanga kwenye ubao mmoja, akatunga historia. Uthibitisho uko kwenye karatasi: daftari la safari za anga la mwenyewe, barua ya wizara iliyokuja na medali, kijisanduku cha posta chenye anwani, picha akiwa na sare.

Kuna jaribio moja unaloweza kulifanya kwa macho tu. Muulize muuzaji majina ya zile nyota. Nyota ya Air Crew Europe ilitolewa kwa walioruka kutoka Uingereza kupiga Ulaya hadi tarehe 5 Juni 1944. Kuanzia siku iliyofuata, majeshi yaliposhuka Normandy, utumishi huo ukaanza kuhesabiwa kwenye Nyota ya Ufaransa na Ujerumani. Aliyestahili zote mbili hakupewa zote: alipewa ya kwanza, na ile ya pili ikaonyeshwa kwa kipande kidogo cha shaba kwenye utepe. Kwa hiyo seti yenye nyota hizo mbili zikining'inia pamoja haikutoka kifua kimoja. Weka fedha yako mfukoni. Zaidi ya hapo, Air Crew Europe ni miongoni mwa nyota zinazoghushiwa sana, kwa sababu bei yake imepita sana ya wenzake. Utepe wake halisi ni wa buluu ya mawingu, kingo nyeusi, na mistari miwili ya manjano. Na kama muuzaji anasema mwenye DFC alikuwa sajini siku alipoipata, hapo pia kuna kasoro, nawe sasa unajua sababu.

Akikupa jina, litafute kwenye London Gazette, ambayo inasomeka bure mtandaoni. Usishtuke ukikuta jina, namba na skwadroni bila maelezo ya tukio. Matangazo mengi ya DFC yalikuwa orodha tupu. Maelezo marefu zaidi huwa kwenye mapendekezo na kumbukumbu za kila siku za skwadroni, zinazohifadhiwa National Archives, Kew, kusini magharibi mwa London. Kumbukumbu hizo zinataja ndege, watu waliokuwemo, saa ya kuondoka na saa ya kurudi, safari kwa safari, na nyingi zimeshawekwa mtandaoni. Namba ya skwadroni na tarehe zikilingana na hadithi ya muuzaji, umepiga hatua. Zisipolingana, umeokoka.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini, nisingenunua. Hata kama seti ni halali, ni ya mtu mwingine, familia yake pengine bado inaitafuta, na haina uhusiano na baba yako wala na Jaji Cross. Kununua nakala za kuonyesha tu ni jambo linaloruhusiwa na si ghali, mradi uandike wazi kwamba ni nakala ili wajukuu wasije wakadanganyika. Lakini hata hizo sioni zitakugusa. Kuna kitu bora zaidi. Hukumu za Mahakama Kuu ya Tanzania za miaka ile zilifupishwa katika High Court Digest, ambayo utaipata katika maktaba za sheria, ikiwemo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tafuta kesi ambayo mwisho wake imeandikwa "Cross, J.", ya mwaka ambao baba alikuwa kazini pale. Inawezekana kabisa jalada lake lilipita mikononi mwa baba. Itoe nakala, iweke fremu, iweke kando ya picha.

Kama bado moyo unakuvuta kwenye ile seti, usilipe kabla hujampelekea mthamini wa medali za kijeshi aziangalie kwa mkono, si kwa picha. Uzito, ncha za nyota na mchoro wa nyuma haviaminiki kwenye simu. Na kama katika ukoo wenu kuna mzee wa KAR mwenye kisanduku cha medali, nakusihi zisisuguliwe kwa dawa ya kung'arishia wala zisibadilishwe tepe. Wala karatasi yoyote iliyokunjwa ndani yake isitupwe, hata ikiwa ni bahasha tupu. Kama mzee alistahili medali na hakuzichukua, ndugu wa karibu wanaweza kuulizia kwa ofisi ya medali ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, wakiwa na namba yake ya jeshi na uthibitisho wa undugu. Namba hiyo ndiyo kitu cha kwanza kuitafuta: huwa kwenye cheti cha kuruhusiwa kutoka jeshini, na wazee wengi walikihifadhi pamoja na hati za shamba.